Programu Haina Homa

Jumanne

Asubuhi nilijitapa mbele ya bosi wangu, Dada Neema. Kwenye skrini nyeusi nikaandika amri moja: toa matatizo yote ambayo wakulima na wapokea mazao wameyaripoti kwenye programu yetu kuwa ya haraka. Orodha ikarudi tupu.

"Programu yetu haina homa," nikasema, nimeegemea kiti kama mkurugenzi.

Mchana akapiga simu Mama Tekla, mpokea mazao wa kituo cha Kinole. Salamu zikafika hadi kwa mke ambaye sina. Ndipo akasema, "Samahani kukusumbua, mwanangu. Tangu Ijumaa mizani haisomi uzito. Watu wanarudi nyumbani na karafuu zao. Niliandika humo kwenye programu yenu."

Kweli aliandika, ila akaweka alama ya "kawaida".

"Mama, mbona hukuchagua 'haraka'?"

"Nimharakishe mtoto wa watu, mimi nani?"

Nikaandika amri upya: toa kila ripoti yenye neno "samahani". Skrini ikajaa hadi juu. Nilichoka! Na aliyeomba radhi zaidi ndiye aliyeumia zaidi.

Dada Neema alikuwa amesimama nyuma yangu. "Haya, daktari. Homa hiyo."

Kesho napanda mlimani Kinole kutengeneza mizani. Kutengeneza nitaweza. Ninachohofia ni kwamba hakuna atakayenigombeza. Watanipa ndizi.