Fito za Banda la Kuku

Jumatatu, 3 Machi
Nimehesabu tena mihogo ya majaribio. Mashina mia mbili, yote ndani ya uzio. Sheria ni moja: hata jani lisitoke. Mtafiti ananiona mwiba. Mihogo yao iliyobadilishwa vinasaba haishikwi na ugonjwa, anasema, na huko nje watu wanang'oa iliyooza — mkaguzi kama mimi nalalaje? Nalala fofofo. Kibali ni cha majaribio, si cha kula.

Jana kwa mama nilikula mihogo, nikaongeza sahani. Shamba lake lilioza lote. Hii anasema alipewa.

Jumatano, 5 Machi
Mjomba! Mlinzi wa shamba la majaribio, kazi nimemtafutia mimi! Mavuno ya mwaka juzi, miti ya mihogo ilipaswa kuchomwa. Yeye kaona fito za bure, kajengea banda la kuku. Muhogo ukiuchomeka chini unaota, nani asiyejua? Anajitetea eti alidhani wa maabara hauoti. Banda limekuwa kichaka. Nilicheka mpaka machozi, kisha nikajaza fomu.

Ijumaa, 7 Machi
Ofisi imeamua: kung'oa na kuchoma, popote ilipofika. Mjomba kafukuzwa. Hakubisha. Aliuliza tu kama na kuku watachomwa. Nikamwambia asinipotezee muda.

Jioni mama kapiga simu. Hakulia, hakunitukana. Kauliza fomu yangu ina nafasi ya majina mangapi.

Jumatatu, 10 Machi
Mjomba aligawa mbegu. Kwa jirani, kwa fundi cherehani, kwa mama. Ekari nzima, kijani kibichi, nyuma ya nyumba. Kila Jumapili nakaa sebuleni kama mgeni. Mkaguzi mzima, sijawahi kukagua uani kwa mama yangu.

Ndiyo mihogo wanayokula, yeye na watoto watatu wa marehemu dada yangu. Hakuna kingine. Nimepekua kanuni tangu alfajiri. Hakuna kifungu cha mama. Nilisaidia kuziandika, tena nilisema misamaha ni mianya.

Mama kakaa mlangoni, panga magotini. Hataki mtu baki aguse shamba lake. Atang'oa mwenyewe, nimwonyeshe tu aanzie mstari upi.

Naandika haya nimejifungia chooni kwake. Naona aibu, na bado kalamu ya ofisi iko mfukoni. Gari la kuchomea linapiga honi. Mama anagonga mlango, taratibu. Mwanangu toka, anasema, watoto hawajala tangu jana, wanasubiri ruhusa yako. Fomu imebaki mstari mmoja, wa jina la mama.