Jina la Mvumbuzi

Zena, uko wapi? Nina hasira hizo!

Kaka yangu Otto kaniaibisha mbele ya wakili wa hataza, yule wa kusajili uvumbuzi! Si unaijua ile mivukuto yake ya kuchochea moto kwa mguu, aliyohangaika nayo miaka minne?

Fomu inauliza jina la mvumbuzi. Otto kaandika jina la babu wa babu yetu, eti ndiye aliyeanza kuitengeneza! Yule mhunzi aliyenyongwa na Wajerumani wakati wa Maji Maji!

Wakili kauliza kwa upole, "Huyu anapatikana kwa simu?"

Otto hata hakucheka. "Yuko kaburini, hapa hapa Songea."

Kaburini, Zena!

Wakili kamweleza taratibu: kama kitu kilikuwepo tangu enzi za Mjerumani, si kipya, na kisicho kipya hakilindwi. Kipya ni pedeli aliyoibuni Otto mwenyewe. Aombe hiyo tu, kwa jina lake, upesi. Kule Namtumbo kuna fundi kashaanza kuichunguzachunguza aiige!

Otto kasema, "Mjerumani alimnyonga, akabeba na mivukuto yake. Leo na mimi nimnyang'anye jina?"

Nani kamwambia amnyang'anye? Nani?

Wakili kachana ile fomu, kampa mpya. Nikashusha pumzi. Otto kashika kalamu, kainama, kaandika polepole kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nikachungulia.

Babu yuleyule. Safari hii kaongeza na mwaka waliomnyonga.