Jina Chini ya Jihadhari

Mji wa Kale, Mombasa
Alhamisi, baada ya chakula cha mchana

Kwa Bhai Zoeb, kaka yangu wa pekee,

Pokea salaam nyingi kutoka kwangu na kwa Mama. Natumai baridi ya Nairobi haijakurudishia kile kikohozi, na kwamba shemeji Hussaina na watoto hawajambo. Sisi huku tu wazima. Goti la Mama limetulia tangu aache kupanda ngazi za darini, ingawa ulimi wake, kama umjuavyo, bado uko vilevile. Pamoja na barua hii utapata chupa mbili za achari ya embe. Moja ni ya Hussaina peke yake, na Mama amesema nikuandikie kwamba hatanii.

Utajiuliza kwa nini nimeandika kwa mkono na kuituma kwa basi la Mwembe Tayari, hali simu ninayo. Kwenye simu ungenipigia kabla hujafika nusu, nami ningesikia sauti yako nikaanza kujitetea. Soma mpaka mwisho, tafadhali.

Biashara si mbaya. Lesi na vifungo vinatoka kwa sababu ya harusi. Adhuhuri nikifunga duka, mpaka saa kumi, ndipo ninapokaa na kompyuta yako ya zamani, nikacheza ile gemu ya malori na kujaribu modi wanazoleta wenzetu wa kile kikundi chako cha mtandaoni. Mama bado anaziita viraka, wala hakosei sana, maana ni vipande ambavyo wachezaji wanajitengenezea wenyewe na kuvishona juu ya gemu ya watu, lori hapa, barabara pale, ili mtu aendeshe mitaa ya kwao. Uliponiachia Orodha ya Ijumaa ya kuzipima modi hizo uliniwekea sharti moja tu: hakisifiwi wala hakikataliwi kitu ambacho mwenye orodha hajakicheza siku saba. Juu tunaandika Pakua, chini tunaandika Jihadhari. Miaka mitatu nimeishika orodha hiyo, na watu mia sita huingoja kila Ijumaa. Nakiri inanipendeza kungojwa.

Kache unamkumbuka. Ni yule karani wa godauni la Shimanzi, msichana wa Kaloleni, anayeandika namba za malori getini tangu asubuhi. Miezi miwili iliyopita alileta kikundini modi yake ya kwanza, Foleni ya Shimanzi. Kabla hata sijaipakua, wewe, ambaye huandika pale mara moja kwa mwaka, uliandika kwamba hiyo ndiyo kazi uliyokuwa ukiingoja tangu uanzishe kikundi. Nilisoma maneno hayo nikiwa nampimia mteja lesi, nikaikata fupi.

Nami je? Nilipoitengeneza modi yangu, Feri, nilimaliza miezi minane. Nilikwenda kivukoni kila Jumapili kutazama watu wanavyokimbilia geti na wachuuzi wa korosho wanasimama wapi. Ukanijibu kwa kidole gumba. Kidole kimoja, Zoeb. Nilimwonyesha Mama, akauliza kama umeumia mkono.

Basi nilimwonea wivu yule msichana. Kila aliyemsifu niliona amenitukana mimi. Walisifu honi zake, kwamba kila lori lina honi yake kama zilivyo kweli. Walisifu vumbi. Walisifu hata yule mama muuza chai aliyemchora kando ya mizani. Kache aliweka picha yake ameketi juu ya tairi kuukuu, kompyuta ya kuazima magotini, anacheka, na mimi niliikodolea macho picha ile nikitafuta ila. Sikuipata, nikamchukia zaidi.

Ijumaa ya pili yake orodha ilitoka, na Foleni ya Shimanzi ilikuwa chini, kwenye Jihadhari. Niliandika kwamba ina virusi na inazimisha kompyuta. Uliponipigia kuuliza, nilikwambia yangu imezimika mara tatu, ukaniamini. Kikundi kizima kiliniamini. Waliomsifu jana wakamwita tapeli, na wengine wakamtaka atoke. Kuna kampuni moja Nyali, inayochora gemu, iliyokuwa imemwita kwa majaribio ya kazi. Nao huisoma orodha yetu kama wengine. Wakamwambia asubiri kwanza ajisafishe jina.

Jumatano ya wiki iliyopita, nilipokuwa nateremsha mlango wa duka, Kache alikuja. Nilidhani amekuja kugombana, nikajiandaa. Kumbe alikuwa na kitambaa mkononi, na ndani ya kitambaa mlikuwa na flashi yenye modi yake. Mama alimsikia akashikilia kwamba mgeni hasimamishwi mlangoni wakati wa chakula. Akamketisha nasi kwenye sinia moja, akampa chumvi kwanza, kama ada yetu, naye akaionja kwa adabu bila kuuliza. Nilikula mkono wangu ukikaribiana na wake. Tulipomaliza alinitazama, wala hakunitazama kwa ubaya.

“Dada Mahjabeen,” akasema, “nionyeshe palipoharibika nikapatengeneze. Wiki tano natafuta, sipaoni.”

Mama alimwambia asihangaike, binti yake ni fundi, atapaona mara moja. Mimi nikapokea ile flashi.

Kaka, hapakuwa palipoharibika. Kompyuta haikuzimika hata mara moja. Modi ile sikuwa nimeifungua. Niliihukumu kwa maneno yako uliyoisifia, nikaandika uongo kwenye orodha uliyonikabidhi, na mwenzangu akakaa wiki tano akitafuta kosa lililokuwa langu.

Alipoondoka niliifungua, nikaicheza siku saba kama sharti linavyosema. Jana zimetimia. Ni nzuri kuliko Feri yangu. Usidhani wivu umenitoka, maana nikizisikia zile honi roho bado inaniuma.

Kesho asubuhi, wakati basi linakufikishia barua hii, nitakuwa Shimanzi getini kwake kumwambia kwa mdomo wangu, na nikitoka hapo nitakwenda Nyali kwa wale waliomsimamisha, akikubali niende. Baada ya swala ya adhuhuri orodha itatoka. Juu, kwenye Pakua, itakuwa Foleni ya Shimanzi. Chini, kwenye Jihadhari, nimeandika Mahjabeen, mwenye orodha, na sababu yake nimeieleza yote. Wewe pia una neno la siri la orodha, na najua moyo wako ulivyo mwepesi kwangu. Nakuomba usilifute jina langu hapo.

Mama hajui bado. Anauliza kila siku yule msichana mwenye adabu atarudi lini kula.

Nisalimie Hussaina, na watoto uwabusu mmojammoja. Chupa za achari zirudishwe, Mama amezihesabu.

Ni mimi nduguyo,
Mahjabeen