Saa ya Marehemu wa Riruta

Jumanne, usiku

Nilimwambia ukweli tu. Mama Nekesa wa Riruta aliniuzia saa ya mfukoni aliyopewa marehemu mumewe jeshini, kwa sababu husimama, kisha huanza kutembea kila akiishika. Aliogopa kwamba mzee anamwita.

Leo fundi wa Ngara ameifungua. Mafuta yameganda ndani, na joto la mkono huyalegeza. Nikampigia Mama simu nimtulize.

"Kwani si yeye?"

"Ni mafuta tu, Mama."

"Sasa umeniambia ya nini?"

Akakata simu.

Nina saa nyingi za askari waliokufa, na hulala nazo chumba kimoja bila wasiwasi. Hii nimeifumbata tangu jioni. Inatembea, na ninaogopa kuiweka chini.