Mstari Mtupu kwenye Ukuta wa Stesheni

Nyumba za Reli, Namba 2,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hali yako na baridi ya huko? Wifi na mapacha hawajambo? Sisi ni wazima, ila goti la Mama husumbua kukiwa na mawingu, na mdomo wangu bado haujapata dawa, kama utakavyoona.

Stesheni yetu inafufuka! Tangu mafuriko yachukue daraja na treni zikakoma, humo waliishi popo na mbuzi wa jirani. Sasa dirisha la tiketi limetiwa kioo kipya, na Jumamosi inafunguliwa kuwa zahanati. Nililia, sikufichi.

Ukutani fundi rangi anaandika historia: mwaka reli ilipofika, treni nne kwa wiki, na majina ya wakuu wote wa stesheni. La Baba ndilo la mwisho, na hapo moyo wangu ukagoma. Unajua mwenyewe. Miaka mitatu ya mwisho kazini macho ya Baba hayakutofautisha tena bendera nyekundu na ya kijani, na aliyesimama kupitisha treni ni Mama, kofia ya Baba kichwani. Wakubwa wangejua, kazi na nyumba vingekwenda siku moja.

Nikamwomba Mama jina lake liandikwe pia. Akawa mkali kama pilipili. Alimwahidi marehemu, hatamwaibisha kaburini. Nikanyamaza siku mbili nzima, na wewe unanijua.

Juzi, mimi na Mama tukiwa stesheni, akaja dereva wa treni mstaafu wanayemwita Mzee Honi kutazama ukarabati. Akausoma ukuta mpaka chini, akamgeukia Mama: "Na wewe uko wapi hapa?"

Mama akaanza kufagia vumbi la rangi.

"Sisi madereva tulijua," akasema. "Mumeo alipunga bendera kwa mkono wa kulia. Halafu ikaanza kupungwa kwa kushoto, maana mkono wa kulia umebeba mtoto. Tulinyamaza kwa kumpenda mzee, na hukuwahi kutupitisha vibaya."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Kumbe kata zilikuwa nyingi! Mama alikaa kwenye benchi akacheka mpaka akafuta machozi. Nikauliza tena habari ya jina.

"Mwulize kaka yako," akasema. "Kazi ile tuliifanya wawili."

Mtoto yule ni wewe, Kaka. Mimi nilikuwa sijazaliwa, sina kura. Fundi ameacha mstari mmoja mtupu, naye anamaliza Ijumaa. Nimekupigia hupatikani, basi barua hii inakuja na muuguzi anayesafiri kesho. Ukiipata tu nipigie simu, neno moja linatosha.

Wasalimie Wifi na mapacha. Shangazi na Mzee Honi wanakusalimu. Mungu akulinde uendako na urudipo.

Mama ameifua ile bendera ya kijani, iko kwenye kamba uani. Sikumwuliza ya nini.

Mdogo wako akupendaye kwa kelele zote,
Chiriku