Sala ya Ini Jeusi

Alhamisi, 1 Machi 2007

Nimemfunga Bibi Aglaia uzi mwekundu na mweupe mkononi, kama desturi yetu kila Machi inapoingia. Akasema fundo langu limelegea kama soksi za marehemu babu. Kisha, kana kwamba anazungumzia viazi, akaniambia ultrasound imeona doa kwenye ini lake. Wiki ijayo atapigwa picha kwenye mashine ya sumaku. Kwanza atadungwa dawa ya chuma.

Chuma! Mama yuko kazini Italia, na nimekatazwa kumwambia.

Ijumaa, 2 Machi

Nimemuuliza Bi. Zamfira, mwalimu wetu wa fizikia. Akanichorea ubaoni mapumziko yote. Dawa ni chembe za chuma ndogo mno, hata hadubini ya shule haizioni, na kila moja imevikwa koti la sukari. Ini lenye afya huzimeza, kwa hiyo kwenye picha huwa jeusi. Doa baya haliwezi kuzimeza. Hubaki jeupe.

Tunataka JEUSI.

Nilipomweleza Bibi, alisikia neno moja tu: koti. Tuko Kwaresima, hagusi nyama, mayai wala maziwa. Sukari sawa, lakini je, hawakuichanganya na siagi? Akaenda kumuuliza Padri Visarion. Padri akamjibu kwamba wagonjwa wamesamehewa kufunga. Amerudi amenuna.

"Nani kamwambia mimi mgonjwa?"

Jumapili, 4 Machi

Aibu! Mwisho wa ibada Padri ametuomba tumwombee Aglaia, picha yake itoke nyeupe kama theluji. Wajane wa mstari wa mbele wakapiga magoti. Kumbe Bibi mwenyewe ndiye aliyeagiza sala hiyo!

Nilimvuta hadi nje, nikamwambia kanisa zima linamwombea augue.

"Vazi jeusi ni la msiba, mtoto. Nimelivaa tangu babu yako afe. Sasa nimwombe Mungu alivalishe na ini?"

Nikamchorea tena, kwa kijiti, kwenye matope. Akatazama sana.

"Basi nenda wewe kwa Padri. Mimi nitaonekana mjinga."

Jumatatu, 5 Machi

Padri alinisikiliza huku akitafuna mbegu za alizeti. Akasema Mungu hahitaji mchoro, ila wajane wake wanauhitaji, nimwachie. Jioni sala ikageuzwa. Mjane Veta alitaka kujua kama mishumaa aliyokwisha kuwashia weupe bado inahesabika. Padri akajifanya anakohoa.

Alhamisi, 8 Machi

Siku ya wanawake. Nilimpa Bibi maua ya kwanza ya majira ya kuchipua, yale madogo yanayochomoza kwenye theluji.

"Meupe tena! Unaniroga?"

Ameshapigwa picha. Nyumbani alijibandika sumaku ya friji tumboni. Ikadondoka. Akasema wamempunja chuma. Tulicheka mpaka paka akakimbia.

Halafu, akiosha sufuria, bila kunitazama, akaniuliza kama nina hakika kabisa ni jeusi. Nikasema ndiyo. Aliendelea kuosha sufuria ileile.

Ijumaa, 9 Machi

Naandikia kwenye korido ya hospitali. Leo ni sikukuu ya Mashahidi Arobaini, kwa hiyo Bibi amemletea daktari mikate ya umbo la tarakimu 8, yenye asali na kokwa za jozi. Amevaa gauni jeusi, kitambaa cheusi, soksi nyeusi. Eti ini lipate mfano wa kuiga.

Ameingia peke yake na mkate mmoja, mingine kaniachia. "Tuone kwanza anasema nini."

Mlango haukufungika vizuri. Skrini siioni moja kwa moja, ila naiona kwenye kioo cha kabati. Ini. Jeusi. Jeusi huku, jeusi kule. Natafuta jeupe.

Nimeliona! Dogo, upande wa chini—

Linasogea.

Ni kifungo cha koti la daktari!

Amejisogeza pembeni. Sasa naona vizuri zaidi, lakini Bibi ameinuka, kaniziba. Anageuka. Ana asali kidevuni. Ananiashiria niingie, nilete na ile mikate mingine.