Ule Ujumbe Uliotuma Tukiwa Msibani

Nyumbani kwa baba,
Chumba cha mbele, kwenye meza ya viatu.
Jumamosi, tarehe 14.

Mpendwa mdogo wangu, Wakili wetu,

Salamu kwanza, maana hata nikiwa na hasira sikulelewa kuanza na ugomvi. Hujambo huko uliko? Baridi imepungua? Kile kifua chako umekipeleka kwa daktari, au bado unakunywa maji ya moto na kujidanganya? Wifi yangu hajambo? Kazi inakwendaje?

Sisi huku miili ni mizima. Baba anakohoa kidogo kwa sababu ya ile gundi ya soli, ila ukimwambia apumzike anakuuliza kama umekuja kumzika. Bado anashona viatu kila siku, isipokuwa siku hizi anaomba mtu amtungie uzi kwenye sindano. Mume wangu hajambo. Mimi niko palepale, chumba cha kufulia cha hospitali, na mikono imechubuka kwa dawa ya madoa kama unavyoijua.

Haya, adabu nimeimaliza. Sasa nisikilize.

Wiki tatu zimepita sijakuandikia, kwa sababu kila nikishika kalamu yanatoka matusi. Nimechana karatasi nne. Hii ni ya tano. Ukikutana na neno kali humu, jua yapo makali zaidi niliyoyatupa. Na sikutaka kukupigia simu, kwa sababu ungenikatiza. Tulikuita Wakili ukiwa na miaka saba si kwa sababu ulikuwa na akili sana, bali kwa sababu hukuwa unamwachia mtu amalize sentensi.

Hukuwepo, kwa hiyo acha nikueleze ilivyokuwa, ujue ujumbe wako ulitua wapi.

Bosi wetu, mtoto wa mdogo wetu, alianza kuumwa Jumatatu. Unakumbuka jina hilo alilipataje? Alikuwa anasimama mlangoni, miaka minne tu, anamkagua kila anayeingia kama amefuta miguu. Hata baba alikuwa anafuta. Jumatatu hiyo hakumkagua mtu. Alisema kichwa kinamuuma, akalala. Jumanne shingo ikakaza, tukamkimbiza hospitali. Homa ya uti wa mgongo. Madaktari walifanya kila waliloweza, nami niliwaona. Tuliomba, kanisa zima liliomba. Alhamisi asubuhi nilikuwa chini kwenye chumba cha kufulia, nimeshika shuka bichi, muuguzi akaja akasimama mlangoni. Alininyang'anya lile shuka taratibu, nami nikajua.

Mashuka ya kitanda chake, namba sita, yaliletwa kwangu mchana uleule. Niliyafua mwenyewe. Sikumruhusu mwenzangu ayaguse.

Siku ya tatu ya msiba mdogo wetu alikuwa amekaa kwenye mkeka, simu mapajani. Watu walikuwa wanatuma rambirambi kwenye kundi la familia, naye alikuwa anazisoma moja moja. Ndipo wako ukaingia. Mrefu, umepangwa vizuri, una hoja ya kwanza mpaka ya sita kama karatasi ya mtihani. Aliyeusoma wa kwanza ni yeye, Wakili. Si mimi, si baba. Mama wa mtoto.

Uliuliza Mungu wetu alikuwa wapi. Ukasema kama aliweza kumponya akakataa, ni katili. Na kama alitaka akashindwa, si Mungu. Unadhani umetufundisha swali? Hilo swali mimi nilikuwa nimeshalipigia kelele Alhamisi ileile, mashine zote nimeziwasha ili watu wa nje wasinisikie. Nilimwambia Mungu maneno ambayo wewe usiyemwamini hujathubutu kuyasema. Na jibu sina. Naandika tena ulione vizuri: sina jibu. Anayedai analo, mimi simwamini.

Lakini nina swali kwako. Kama huko juu hakuna mtu, basi kilichompata Bosi hakikuwa kosa. Ni vijidudu vimefanya kazi yake, na vimeifanya vizuri. Mbona basi ujumbe wako ulikuwa unatoa moshi? Mtu hamkasirikii kijidudu. Wewe ulikuwa umekasirika kama mtu aliyevunjiwa ahadi. Nani alikuahidi? Hebu kaa na hilo swali kidogo, usiharakishe kunijibu.

Ukaandika kwamba imani ni kitu cha kujiliwaza, watu wanyonge wanajitungia baba wa mbinguni ili walale usingizi. Njoo uone nilivyoliwazika! Ningekuwa najitungia, ningejitungia wa kunijibu. Ningejitungia anayeponya watoto wa miaka minne na kuwaacha vizee wenye roho mbaya wajiendee. Huyu niliye naye ananisumbua. Ananidai nimsamehe yule jirani aliyekuja msibani kupiga picha. Ananiamsha nikafue mashuka ya watu nisiowajua kana kwamba yana maana. Na tunayemfuata sisi alilia kwenye kaburi la rafiki yake, na alipokuwa anakufa yeye mwenyewe aliuliza kwa nini ameachwa. Nani anajitungia kitu cha namna hiyo ili alale usingizi?

Hoja yako ya tatu ndiyo ilinichekesha, na sikuwa na hamu ya kucheka. Eti tunaamini kwa sababu tumezaliwa humu. Tungezaliwa kwingine tungeamini kingine. Sawa. Na wewe ungebaki humu, ukawa unashona viatu na baba, ungekuwa umeandika ule ujumbe? Uliacha kuamini mwaka wa pili wa chuo, kwenye bweni ambalo hakuna aliyeamini, na rafiki zako wote wakakupigia makofi. Kama mahali panafuta imani yangu, panafuta na kutoamini kwako. Huwezi kuninyang'anya mwavuli halafu ujifunike nao.

Kuhusu sayansi sitapoteza wino. Aliyeona wale vijidudu kwenye darubini ni mtaalamu wa maabara ambaye Jumapili anaongoza kwaya yetu. Alivitambua vizuri, hakukosea hata kidogo, kisha akatoka nje akalia na akaomba. Hayo mawili yalikaa ndani ya mtu mmoja na hakupasuka.

Sasa twende kwenye wanafiki. Hapo uliandika kama mtu aliyegundua siri. Wanafiki nawajua kwa namba za viatu vyao, mdogo wangu, maana vingi vinapita kwenye meza hii. Siku ya pili ya msiba, kabla ya ujumbe wako, mchungaji alikuja. Akakaa karibu na mdogo wetu, akamshika mkono, akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Binti yangu, tungekuwa na imani ya kutosha wiki hii, leo tungekuwa tunatoa shukrani."

Mdogo wetu akainamisha kichwa. Nikaona mabega yake yanashuka.

Nikasema, "Mchungaji, vaa viatu vyako."

"Unasemaje, mama?"

"Viatu vyako viko mlangoni. Vivae."

Wale mashangazi wakaanza kuangalia dari. Nikangoja baba anikemee, maana unamjua baba na heshima ya kanisa. Baba akainuka, akaenda mlangoni polepole, akarudi na vile viatu mkononi, ambavyo alivishona mwenyewe mwezi uliopita, akaviweka sawasawa mbele ya miguu ya mchungaji. "Hivi hapa," akasema. Basi.

Mchungaji alivivaa, akaondoka. Na Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya watu wote, akasema alitamka neno baya kwa mama aliyefiwa, akaomba radhi. Sisemi nimempenda. Nasema aliomba. Wewe je?

Hiki ndicho kinachonichoma, Wakili. Yeye alimwambia mtoto amekufa kwa sababu imani yake ilikuwa ndogo. Wewe ukamwambia ni mjinga kuwa nayo hata hiyo ndogo. Siku mbili, mkeka mmoja, wanaume wawili, kila mmoja amekuja na hotuba yake, na wote mnamwambia mwanamke aliyefiwa kwamba kosa ni lake. Mnafanana kuliko mnavyodhani.

Bado hoja ya ushahidi. Uliandika kwa herufi kubwa: LETENI USHAHIDI. Nitakukumbusha jambo. Ulikuwa na miaka kumi na moja, saa ya mwalimu ikapotea, na wewe ndiye ulikuwa umebaki darasani. Mwalimu mkuu alimwita baba. Ushahidi wote ulikuwa juu yako. Nilikuwepo, nimekushika mkono. Baba alisimama pale na vidole vyake vyeusi kwa rangi ya viatu, akasema, "Mwanangu hakuchukua." Akaulizwa anajuaje. Akasema, "Namjua." Hakuwa na kingine. Ulilia njia nzima mpaka nyumbani, na si kwa aibu. Saa ilipatikana wiki ya pili, imeangukia nyuma ya kabati.

Najua utanijibu kwamba baba alikuwa anakuona, na Mungu hajaonwa na mtu. Ni kweli, na silipuuzi hilo. Ila usiniambie kwamba mtu anayesema "namjua" mbele ya ushahidi mbaya ni mpumbavu. Ulishawahi kuokolewa na mpumbavu wa aina hiyo. Mimi nimeishi na Mungu miaka arobaini na sita. Ameninyamazia mara nyingi, na wiki ile alininyamazia vibaya sana. Lakini kuna siku nyingine pia, na hizo siwezi kuzifuta ili tu hoja yako inyooke.

Baba aliniambia nimsomee ujumbe wako wote, maana macho yake hayafiki kwenye simu. Nilitaka kuruka mahali. Akasema, "Usiruke." Akasikiliza huku anapiga kisigino misumari. Nilipomaliza akasema, "Mwambie swali la kwanza ni zuri, hata mimi ninalo. Hayo mengine ameyaokota." Akatafuta msumari mwingine. "Na mwambie namwombea, atake asitake."

Sasa nikuambie kuhusu mdogo wetu, kwa sababu hujauliza. Wiki tatu, Wakili, na hujauliza.

Siku ya sita nilikuwa namsuka nywele. Akaniuliza, bila kugeuza kichwa, "Dada, Wakili anasema Bosi hayuko popote. Eti kama taa iliyozimwa. Ni kweli?"

Nikamwambia naamini yuko kwa Mungu, na anakagua miguu ya watu.

"Unaamini au unajua?"

"Naamini."

"Na kama umekosea?"

"Nikiwa nimekosea, hakuna atakayekuja kuniambia."

Alicheka. Kicheko kifupi, kama mtu aliyepaliwa na chai. Halafu kile kicheko kikageuka, nikaacha chanuo, nikamshika, tukakaa hivyo mpaka shemeji yetu aliporudi na kutukuta sakafuni.

Amerudi kazini kwenye duka la mapazia. Anakula, si sana. Jumapili anakuja kanisani, anakaa kiti cha nyuma kabisa na mumewe, haimbi, haombi, haniangalii. Simsukumi. Labda siku moja ataimba, labda ataamua kama wewe. Akiamua kama wewe bado atakuwa mdogo wangu, kama wewe ulivyo. Sikuandikii barua hii ili urudi kanisani. Sikuandikii hata ili ukubali hoja moja. Kataa zote. Hasira yangu si kwamba huamini. Hasira yangu ni kwamba ulikuwa na dada aliyezika mtoto, na ukamtumia mjadala.

Hajaufuta ujumbe wako. Juzi nilimuuliza kwa nini. Akasema anasubiri umpigie uuseme kwa mdomo wako, kwa sababu kwenye maandishi hajui ulikuwa na sauti gani ulipokuwa unaandika.

Kila Jumatatu anatoka dukani saa kumi. Mpigie. Usimtumie ujumbe wa sauti, usimwandikie. Kama bado unaamini ulichoandika, basi kitamke, amsikie kaka yake akimwambia kwamba mwanawe hayuko popote. Na ukishindwa kukitamka, ukajikuta umenyamaza na yeye amenyamaza, usikate simu. Kaeni hivyohivyo. Kwa siku ya kwanza hiyo inatosha.

Nisalimie wifi yangu, mwambie sina ugomvi naye. Mume wangu anakusalimu, na shemeji yetu pia, ingawa yeye ilibidi nimuulize mara mbili. Shangazi yetu mkubwa anasema umekonda kwenye picha. Baba ameshasema lake.

Mungu unayemkataa akulinde unapotoka na unapoingia, akulinde hata usipomshukuru. Yeye hajawahi kusubiri shukrani zako, nami sikusubiri uwe mtu mzuri ndipo nikupende.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda nikiwa nimekasirika,
Mkubwa wenu.